Umenunua kahawa ama tarehe?

Leo siku ya sita, na neno lile la Mzee wa kahawa wa barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, bado halijanitoka.

"Mwanangu, umenunua kahawa ama umenunua tarehe?"

Habari za wiki nizimalize upesi: dada kajifungua mapacha salama, wote wa kike, na ile barua ya cheo niliyoililia tangu mwaka jana hatimaye imetoka. Alhamdulillahi. Sasa turudi barazani.

Mwajua kwamba tangu rafiki yangu wa Nyali anionjeshe, nimeingiwa na wazimu wa kahawa. Jumamosi nikanunua pakiti yangu mwenyewe, gramu 250 kwa shilingi 1,100. Kahawa ya Nyeri, imekaangwa kidogo tu isiwe nyeusi, na nyuma ya pakiti pana mhuri wa siku iliyokaangwa. Ilikuwa na siku kumi. Nikaomba wanisagie pale pale dukani, na baada ya isha nikaenda nayo Kibokoni, nimeikumbatia kama mtu anayepeleka posa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpa Mzee wa kahawa aipike kwenye dele, birika lake la kahawa. La pili, kutaja bei mbele za watu. La tatu, kueleza. Nikamwambia kahawa ikishakaangwa huanza kupoteza harufu, ndiyo maana ya ule mhuri. Mzee akaigeuza pakiti, akaisogeza kwenye taa, akausoma mhuri polepole kama asomaye hati ya kiwanja. Kisha akasema alilosema, na baraza zima likaangua kicheko.

Ami hakucheka. Ami alionja, akatazama ndani ya kikombe, akasema, "Mbona chachu kama ukwaju?" Akakiweka chini kikiwa nusu.

Tangu hapo, kila nikipanda tuktuk kwenda Shimanzi natunga jibu. Jumapili nilikuwa nalo hili: Mzee, mkate si twautazama tarehe? Jumatatu nikapata la ukali zaidi, kuhusu ile ndoo moja anayooshea vikombe tangu magharibi. Nashukuru halikunijia usiku ule. Jumanne nikashika kalamu nikapiga hesabu. Gramu 15 kwa kikombe, pakiti yatoa vikombe kumi na sita, kila kikombe kama shilingi 70. Pale mkahawani Nyali kikombe ni 350. Nikajiona mshindi mpaka nilipokumbuka kwamba kwa hizo 70 Mzee hunimiminia vikombe saba, tena na mazungumzo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kahawa ndiyo kazi yangu, walau kwenye karatasi. Magunia ya kilo 60 yapita mezani kwangu kwenda Ujerumani, Ubelgiji, Marekani, nami napiga muhuri. Najua kwamba zile herufi AA wanazojivunia watu ni ukubwa wa punje, yaani tundu za chekecheo iliyopitia, wala si utamu. Najua kahawa nzuri ya Kenya nyingi hupita bandarini hapa bila kunywewa hapa. Sasa mtu kama mimi ataulizwaje swali na mwenye dele akose la kujibu?

Na jibu lilikuwepo, ila lanikandamiza mwenyewe. Tarehe ina maana kweli. Kahawa ikitoka motoni hutoa gesi kwa siku kadhaa, kwa hiyo hata kuinywa siku ile ile si lazima iwe ndiyo bora. Baadaye hewa huanza kuila. Punje nzima hustahimili wiki kadhaa, lakini ikishasagwa huharibika mbio. Na mimi niliisaga dukani! Katika mji huu ambao chumvi hulowa mezani na kachiri za muhogo zalegea kabla ya magharibi! Nililipia tarehe, kisha nikaitoboa mwenyewe.

Jana alfajiri, nikitoka msikitini, nikapitia kile kichochoro cha nyuma. Mzee alikuwa amechutama mbele ya jiko la makaa, karai juu, mwiko mkononi, punje zikipasuka. Moshi umejaa mpaka kwenye madirisha ya ghorofa ya pili. Kando yake kinu, na kipande cha tangawizi juu ya gazeti.

"Hizi ni za lini, Mzee?"

"Za leo. Za jana si mlizinywa?"

Hakunitania. Nadhani hata hakumbuki. Akanipa kikombe cha kwanza, akakataa shilingi zangu kumi, nikasimama pale nikinywa, na ile hasira niliyoilea wiki nzima sikuiona imekwenda wapi.

Lakini nisije nikasema uongo kwa sababu ya moshi wa alfajiri. Punje zake ni ndogo, nyingi zimevunjika, na huzikaanga mpaka zing'ae kwa mafuta. Ukishafika hapo hujui tena kama zilitoka Nyeri ama mwezini, na lililobaki lafunikwa na tangawizi. Ile yangu ina kitu, ule ukali wa matunda, naupenda. Nitanunua tena. Ila nitanunua punje nzima, na kinu kidogo cha mkono, na nitainywa nyumbani bila mashahidi. Ya Mzee ni ya barazani na halwa.

La Ami ndilo limebaki. Ningependa angemaliza kikombe.

Pakiti iliyosalia mama watoto kaisitiri kwenye friji, kwa nia njema kabisa, pembeni ya bakuli la mchuzi wa papa. Haikufungwa. Sijamwambia kitu.

Na leo asubuhi nimepangusa unga mweupe kwenye mto wa mtoto. Niliposhika tochi nikaona boriti ya juu ya kitanda chake imebunguliwa, matundu kama ya sindano, mstari mzima. Mwenye nyumba yuko Dubai na simu haishiki.