Kwa nini kazi zangu zote naanzia Firefox, stori ya tangu enzi za IE6

Kila nikisema saiti zangu naanza kuzijenga kwenye Firefox lazima atokee mtu aniulize kaka mbona unajitesa, watu si wote wako Chrome? Ngoja nieleze vizuri maana hii tabia sikuipata jana, niliipata enzi zile za IE6, yaani Internet Explorer 6, brauza ya Microsoft, na mpaka leo inanilisha.

Kwa madogo ambao hawakuikuta, IE6 ilitoka 2001 sawa na Windows XP, halafu ikakaa hivyo hivyo mpaka IE7 ilipokuja mwishoni mwa 2006. Miaka mitano mizima! Na huku kwetu hata hiyo IE7 ilichelewa sana, kompyuta nyingi za maofisini na intaneti kafe zilikuwa na XP ya kukopi ambayo mara nyingi haikupata apdeti, na intaneti yenyewe ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kukatikakatika, mkonga wa Seacom wa chini ya bahari umekuja kuwashwa 2009. Kwa hiyo kwa watu wengi ile "e" ya bluu kwenye skrini haikuwa brauza, ndo ilikuwa intaneti yenyewe, mtu anakwambia kabisa "fungua hapo intaneti" ananyoosha kidole kwenye e.

Ofisi niliyokuwa nafanyia Dar utaratibu ulikuwa jenga, fungua IE, ikikaa vizuri mpelekee mteja, chukua hela. Na ukiangalia juu juu unaona wana haki, mteja ana IE, jirani yake ana IE, we Firefox unaitakia nini? Mi kilichonifungua macho ni mzee mmoja mwenye gesti pale Mji Mkongwe Zanzibar. Saiti yake ilikuwa inapendeza kwenye kompyuta yake ya mapokezi, lakini wageni wake wengi walikuwa Wajerumani, na Ujerumani wakati ule Firefox ilishashika kweli kweli. Akanipigia, "Mwanangu, wageni wananambia picha zimepandana na maneno, mbona mie naziona sawa?" Nikamwambia mzee nipe nafasi niangalie. Nikafungua kwenye Firefox, ee bwana, aibu tupu.

Tatizo lilikuwa hili. Kwa kanuni za W3C, shirika linalopanga kanuni za wavuti, ukiandika boksi lina upana wa pikseli 200, halafu ukaweka padding (nafasi ya ndani) ya 20 kila upande na mstari wa kuzungushia wa pikseli 1, boksi zima linakuwa 242. IE za zamani zilikuwa zinahesabu vyote ndani ya ile 200. IE6 yenyewe ilijua kuhesabu sawa, ila ni kama DOCTYPE, ule mstari unaotaja ukurasa umeandikwa kwa kanuni zipi, iko mstari wa kwanza kabisa wa ukurasa. Ukitanguliza chochote, hata ule mstari wa <?xml ambao tulikuwa tunauweka kwa mbwembwe za XHTML (lugha ya kurasa yenye masharti makali), inarudi kwenye hesabu za kizee kimya kimya bila kukwambia. Aliyeijenga ile saiti kabla yangu alikuwa nao huo mstari juu kabisa, akapanga vipimo vyote kwa macho mpaka vikakaa. Firefox ikaja kusoma vipimo vile vile kama vilivyoandikwa, kila boksi likazidi, menyu ikashuka chini, picha zikapandana. Yaani Firefox ndo iliyokuwa inasoma alichoandika, IE ilikuwa inasoma kitu kingine.

Nikaamua kugeuza utaratibu. Nikatoa ule mstari, nikaijenga upya kwenye Firefox tu, IE sikuigusa mpaka nilipomaliza. Na hapo ndo nilipoona utamu wake. Kwanza ile konsoli ya makosa, ukikosea herufi moja kwenye CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) inakutajia faili, mstari wa ngapi na kwamba hilo agizo imelitupa. Kwenye IE ungepata nini, CSS ikikataa inanyamaza, javascript (ile kodi ya kuupa ukurasa vitendo) ikikataa unapewa kipembetatu cha njano kule chini kona ya kushoto na namba ya mstari ambayo mara nyingi ukienda hukuti kitu. Pili Firebug, kiongezeo cha Firefox cha kukagua ukurasa ambacho Joe Hewitt alikitoa 2006, jamani ile kitu ilibadilisha kazi. Unabonyeza boksi unaona padding yake, unaona agizo lipi limeshinda lipi limekatwa, unabadilisha namba hapo hapo linasogea ukiangalia. Hizi zana mnazofungua leo kwa F12 kwenye Chrome mkaona za kawaida, babu yao ni Firebug.

Ilipokaa vizuri nikaipitisha Opera, brauza nyingine, nako ikakaa bila kuguswa, na hilo ndo jambo la msingi wadau, ukiandika kwa kanuni brauza zinazofuata kanuni zinakubaliana zenyewe, unabaki na korofi mmoja tu wa kumshughulikia. (Opera hawakuwa watu wa mchezo, mkuu wao wa teknolojia Håkon Wium Lie ndo aliyependekeza CSS yenyewe mwaka 1994.)

Kisha nikaibeba kwenye flashi mpaka intaneti kafe moja Kariakoo kwenye IE6 halisi. Kurasa nyingi zilikaa, ila ukurasa wa vyumba uligoma. Kulikuwa na picha tatu za mstari mmoja, kila moja 200, zinaelea kushoto (zinajipanga upande huo zikifuatana) na kila moja imeachiwa nafasi ya 20 kushoto kwake, jumla 660 na boksi la nje ni 660 kamili. IE6 inayo dosari inayojulikana dunia nzima, kitu cha kwanza kinachoelea upande mmoja na nafasi yake, hiyo nafasi inazidishwa mara mbili. 20 ikawa 40, picha ya tatu haina pa kukaa ikaanguka chini peke yake. Dawa yake ni kituko, unaongeza agizo la display:inline, ambalo kikanuni haibadilishi kitu kwenye kinachoelea, lakini IE6 inapona. Pia logo ya PNG (aina ya faili la picha) ikatoka na kijivu nyuma badala ya kuwa wazi, hiyo nikaweka aina ya GIF yakaisha.

Hizo dawa zote nikaziweka faili lake pembeni, nikaliita kwa zile komenti za <!--[if IE 6]> ambazo IE pekee inazisoma, wengine wanapita. Faili lenyewe halikufika hata ukurasa mmoja. Siku mzee aliponunua kompyuta mpya nililifuta na saiti haikutikisika, we fikiria ningekuwa nimechanganya dawa humo humo kwenye kodi.

Nisiwe mnafiki lakini, ile hesabu ya boksi ya IE ya zamani ndo iliyokuja kupendwa na wote, leo karibu kila mtu anaanza na agizo la box-sizing: border-box, ambalo ni hesabu ile ile. Wazo halikuwa baya, ubaya ni kwenda kivyako wakati wewe na wenzio mmekubaliana.

IE ilistaafishwa rasmi Juni 2022, lakini ugonjwa haujaisha umehamia nyumba nyingine tu. Opera iliacha injini yake (sehemu inayosoma na kuchora ukurasa) 2013 ikachukua ya Chrome, Edge ya Microsoft nayo ikahamia Chromium, msingi wa Chrome, 2020, kwa hiyo ukijaribu Chrome, Edge na Opera ukajiona umejaribu brauza tatu, umejaribu injini moja mara tatu. Na Firefox sio kwamba siku zote iko nyuma, subgrid (kupanga grid ndani ya grid kwenye CSS) waliitoa 2019 wakati Chrome imeileta 2023, na zana yao ya kukuonyesha mistari ya grid mi bado naiona bora.

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi alijenga fomu ya kubuku boti, Chrome inaenda freshi, kwenye iPhone ya mteja inaandika Invalid Date. Alikuwa amempa javascript tarehe kama "2021-07-03 09:00", na kanuni inataka herufi T katikati badala ya nafasi. Chrome inakisia unachotaka inaendelea, na nisiwadanganye, Firefox nayo ingeipitisha, Safari, brauza ya iPhone ile, ikagoma na ilikuwa na haki yake. Kuweka T ni sekunde. Tangu hapo dogo naye anaanza Firefox, Chrome anafungua mwishoni, na kabla hatujapeleka kazi kwa mteja tunaenda kumuazima dada wa uhasibu iPhone yake, ambaye kashaanza kutudai soda.