Nguvu ya tajiri wa samaki haimo mfukoni mwake

Nilipokuwa mdogo, katika kijiji cha wavuvi huku Pwani ya Kusini ya Kenya, niliamini kwamba tajiri wa samaki, yaani mnunuzi anayewakopesha wavuvi, alitawala bandari yetu kwa sababu ya fedha zake. Madau yaliporudi kabla ya adhuhuri tulimkuta ameshaketi chini ya mkungu, mizani ikining'inia kando yake, sanduku la barafu likiwa wazi na daftari likiwa pajani. Ami yangu, ambaye hakuna kijijini aliyethubutu kumpandishia sauti, alimwaga changu na tasi mbele yake bila kuuliza bei. Bei ilitajwa na mwenye mizani, deni likakatwa, na kilichobaki akatiwa mkononi.

Miaka mingi baadaye nilisoma makala ambayo mwanasosholojia wa Marekani, Richard Emerson, aliichapisha mwaka 1962, nikahisi kwamba ameketi nasi chini ya mkungu ule. Hoja yake ni kwamba nguvu si sifa ya mtu, bali ni sifa ya uhusiano: nguvu za tajiri juu ya mvuvi ni sawa na kiasi ambacho mvuvi anamtegemea tajiri. Utegemezi huo huongezeka kadiri mtu anavyokihitaji kile kilicho mkononi mwa mwenzake, na hupungua kadiri anavyoweza kukipata kwingine. Ami alikuwa na samaki wanaoanza kuharibika kwa jua la saa sita, hana barafu, na mjini ni mbali. Tajiri, kwa upande wake, akimkosa ami, alikuwa na dau jingine linalotia nanga nyuma yake.

Emerson na mwanasosholojia mwenzake Karen Cook waliendelea kuichunguza hoja hii katika maabara, na matokeo yaliyonigusa zaidi, waliyoyatoa pamoja na wenzao, yalichapishwa mwaka 1983, baada ya Emerson kufariki. Chukua watu watano waliopangwa mstari mmoja, kila mmoja akiweza kuafikiana na jirani yake wa kushoto au wa kulia tu, na katika kila raundi akiruhusiwa kufunga biashara na mmoja peke yake. Wengi wetu tungedhani kwamba wa katikati ndiye mwenye nguvu. Sivyo. Kila mmoja wa jirani zake wawili ana mtu wa pembeni asiye na pengine pa kukimbilia, na kwa hiyo wa katikati akikaza bei, wanamwacha na kuwageukia hao wa pembeni, ambao watakubali kidogo kuliko kukosa kabisa. Kukaa katikati hakumfai kitu ikiwa walio karibu naye wanaweza kumwacha nje.

Tangu hapo nimelitazama daftari la tajiri kwa jicho jingine. Ami alikuwa amekopeshwa nyavu, na sharti la mkopo halikuwa riba bali kuuza samaki wake wote kwa mkopeshaji, kwa bei ya mkopeshaji. Baadaye mnunuzi wa pili alipoanza kuja na gari lenye barafu, wavuvi wasio na deni walipata bei nzuri wiki ile ile, huku ami akiliona gari lile kwa macho na asiweze kulikaribia. Mlango wa pili ulikuwepo, lakini kwake ulikuwa umefungwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa ya deni katika bandari zetu, na wanaopima ubaya wa mikopo kwa riba peke yake wanaukosa moyo wa jambo.

Emerson alitaja njia nne za kusawazisha uhusiano wa namna hii: mnyonge apunguze haja yake, atafute mlango mwingine, aungane na wenzake, au ampe mwenye nguvu kitu ambacho naye atakitamani, kama vile heshima. Hii ya mwisho nilikuwa nikiiona bila kuielewa. Tajiri alipokalishwa mstari wa mbele kwenye maulidi na kuitwa mzee wetu, nilidhani watu wanajipendekeza. Kumbe heshima ile ilimfunga pia, kwani mtu aliyeitwa hivyo mbele ya halaiki hawezi kumnyima jirani nauli ya hospitali.

Kuungana nilikuona kwa mama karanga, wanawake wanaokaanga samaki wadogo na kuwauza barabarani. Walikuwa wengi na kila mmoja alinunua peke yake, kwa hiyo wavuvi waliwashindanisha hadi bei ikapanda kupita faida yao. Siku walipoamua kwamba mmoja wao tu ndiye atakayezungumza bei kwa niaba ya wote, kisha wagawane ndoo kwa ndoo, bei ilishuka, ingawa samaki walikuwa wale wale na wavuvi wale wale.

Ami alimaliza deni la nyavu baada ya misimu kadhaa. Hadi leo samaki wake wengi bado wanakwenda kwa tajiri yule yule, lakini siku hizi hawaweki kwenye mizani mpaka gari la barafu lifike.