Nilivyopanga banda la kupulizia rangi ya 2K, Tanga

Karakana yetu iko Gofu, na kazi kubwa ni bodi za malori ya saruji na chokaa. Tunatumia rangi ya 2K, yaani ya sehemu mbili zinazochanganywa, rangi na hadina, kwa sababu inakauka ngumu na kuvumilia chumvi ya bahari. Hatari yake kubwa imo kwenye hadina, ile sehemu inayoigandisha rangi. Mna isosianati, kemikali inayoingia kifuani pamoja na ukungu wa rangi na kuleta pumu. Usingoje harufu ikuonye. Ukiinusa, kiwango kimeshapita salama. Tena kifua kikishaikataa, hata kidogo sana kinatosha kumbana mtu pumzi. Mara nyingi kikohozi huanza usiku, fundi akiwa nyumbani, akadhani ni mafua. Ndiyo maana nawauliza vijana wamelalaje kabla hawajashika kazi, na anayebanwa kifua hapulizi mpaka daktari amwone.

Barakoa ya vumbi haisaidii kitu hapa. Ile ya vichujio vya mkaa inataka ikamate uso sawasawa, na kwenye ndevu haikamati. Huku pwani wengi wamefuga ndevu, nami sioni haki kumlazimisha mtu anyoe. Nikachagua kofia yenye kioo inayoletewa hewa kwa mpira. Yetu inataka lita 170 kwa dakika, mbali na hewa ya bunduki ya rangi, kwa hiyo kompresa ndogo haifai. Mdomo wa kompresa wa kuvutia hewa uko nje, upande unaotoka upepo, mbali na moshi wa jenereta. Kichujio cha mkaa hupunguza harufu ya mafuta, lakini hakizuii kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo.

Feni ya kutolea hewa nimeiweka chini, karibu na sakafu, maana mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Mota yake iko nje ya njia ya mvuke. Cheche moja kwenye mvuke ule ni moto. Wakati wa kusi tunafungua mlango wa kusini uingize hewa, na feni inatoa upande wa pili. Kaskazi ikianza, tunageuza.

Ukungu wa rangi hubaki hewani hata usipouona. Kujua unachukua muda gani kutoka, tulihamisha rangi na thina zote, tukapitisha hewa, kisha tukajaza banda moshi wa makumbi ya nazi yaliyoloweshwa, tukatoa karai la moto ndipo tukawasha feni. Moshi uliisha kwa dakika 15. Tukaweka sharti la dakika 25: bunduki ikizimwa, kofia haivuliwi na hakuna anayeingia bila kofia kabla ya hapo. Wengi huinua kioo kukagua rangi mara tu wanapomaliza, na hapo ndipo wanapouvuta ukungu kifuani.

Bunduki nayo isafishwe kofia ikiwa kichwani. Kupuliza thina hewani ili kuosha mdomo wa bunduki ni marufuku kwetu. Tunaosha ndani ya ndoo, kwa glavu za nitraili. Mikono inaoshwa kwa sabuni, kamwe si kwa thina, kwani inaondoa mafuta ya ngozi na ngozi inapasuka.

Hadina iliyoingiwa na maji, hata jasho la kifuniko, usiifunge kwa nguvu. Inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi, kopo linavimba na linaweza kupasuka. Tunaiacha wazi nje, kivulini, mbali na watu, mpaka itulie.