Bruda yangu ya Julai, Njombe

Msimu huu, kwenye bruda yangu, yaani sehemu ya joto ya kulelea vifaranga, sijapoteza hata mmoja kwa baridi, na hii ni Njombe mwezi wa saba, sakitu inalala juu ya majani mpaka jua likolee. Mwaka jana mwezi kama huu nilizika 31 asubuhi moja, na mpaka leo ushauri uliowaua bado unanikera.

Kila niliyemuuliza alisema vilevile: "Huku baridi kali, ziba kila tundu." Nikaziba. Nailoni madirishani, magunia chini ya mlango, majiko mawili ya mkaa stoo, vifaranga 100 juu ya magazeti. Saa nne usiku chumba kilikuwa na joto tamu, nikaenda kulala. Alfajiri nilipofungua mlango nilipokewa na hewa nzito, kichwa kikaanza kugonga palepale. Majiko yamebaki majivu. Vifaranga wote wamejazana kona moja, tabaka juu ya tabaka. Wa juu wanalia, wa chini wamebanwa bapa kama matambara. Niliwatoa mmoja mmoja nikiwaweka kifuani chini ya khanga, nikitumaini wangechangamka. Wengine walichangamka.

Bwana mifugo alitazama mara moja tu. "Dada, kwanza umewanyima hewa, halafu moto ulipozima ukawaachia kona ya kukanyagana."

Kwa hiyo safari hii nilianza na kona. Maboksi magumu nimeyaunga yakawa duara, upana kama mita mbili, urefu wa kufika gotini. Chini maranda makavu, unene wa vidole vinne. Magazeti nimeachana nayo kabisa, kifaranga anateleza miguu inamtanuka. Juu ya ukuta wa chumba, upande usiopigwa na upepo, nimeacha uwazi wa shubiri moja, haufungwi usiku wala mchana. Sumu ya mkaa haina harufu, usingoje kuinusa.

Moto sasa. Hapa ndipo nilipomkumbuka bibi yangu. Jioni alikuwa anafukia makaa kwa majivu, asubuhi anafukua, kaa bado jekundu, hana haja ya kwenda kuomba moto kwa jirani. Nikanunua vyungu viwili vinene sokoni, elfu chache tu. Mkaa nauwashia nje mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu yote, namimina kwenye chungu, nafunika kwa majivu kiasi cha vidole viwili. Chungu kinakaa katikati ya duara, kimezungushiwa matofali ili asiungue mtu. Usiku wa kwanza nilikesha nacho kwa wasiwasi. Saa nane nikaweka kiganja juu ya tofali: bado lina joto kama mgongo wa mtoto aliyelala. Nilitaka kupiga vigelegele peke yangu mle ndani. Sasa nabadilisha chungu mara moja tu katikati ya usiku, na mkaa ninaotumia haufiki nusu ya ule wa majiko.

Vifaranga walikuja na basi, bruda imeshapashwa moto kwa muda wa saa tano nzima. Nikawachovya midomo kwenye maji ya uvuguvugu yenye glukosi, chakula kikafuata baadaye. Weka kokoto kwenye vyombo vya maji, wadogo hawa wanazama.

Kipimajoto ninacho. Wiki ya kwanza nilikishikilia kwenye 33 hivi, kisha nikashusha kama digrii tatu kila wiki. Lakini ninayemwamini zaidi ni kifaranga mwenyewe. Namchukua, namgusisha miguu yake shavuni kwangu: ikiwa ya baridi, maranda bado hayajapata joto, kipimajoto kiseme kinavyosema. Usiku ule wa kwanza nilipapasa pia vifuko vya chakula shingoni. Aliyeshiba kifuko chake ni laini kama uji mzito. Watatu walikuwa watupu, nikawanywesha mwenyewe. Wakisongamana kwenye chungu, ongeza moto. Wakikimbilia ukutani midomo wazi, punguza. Wakilundikana upande mmoja, tafuta upepo unapopenya.

Chanjo ya kideri (mdondo) walipata siku ya saba, ya gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, siku ya 14. Leo wana siku 26, mbawa zimeota, na jana usiku nilipoingia kubadilisha chungu niliwakuta wametawanyika duara zima, kila mmoja amelala pake.