Siku moja maishani mwangu: leo tunauchoma msitu wenyewe

Saa 11 alfajiri

Nikitoka nje kitu cha kwanza ni kuinama na kushika nyasi. Leo nimezikamata, kiganja kikalowa chote. Safi. Juni kwenye miombo, misitu yetu yenye nyasi chini ya miti, umande bado uko upande wetu: nyasi zimepauka juu, ila ukizipekua chini karibu na shina unakuta ukijani. Nyasi hizi hizi ukizishika Septemba zinavunjika kama njiti za kiberiti, na mwenye akili zake hawashi kitu.

Mimi ni afisa misitu, huu mwaka wa 14. Watu wakisikia hivyo wanadhani nashinda nikikimbizana na moto. Basi leo jioni mwashaji ni mimi.

Saa 1 asubuhi

Tuko 16. Kila mtu anaonyesha vifaa vyake: pampu za mgongoni zimejaa, fagio za moto (vipande vya mpira wa tairi vilivyofungwa kwenye mpini) hazijalegea, buti si za plastiki. Jana kijana mmoja alikuja na koti la nailoni nikamrudisha, maana nailoni ikipata cheche inayeyukia kwenye ngozi. Hakufurahi. Leo amekuja na koti la pamba, salamu yake ni ya nusu mdomo, na sina neno naye.

Anayeongoza mstari wa moto ni mzee mmoja aliyeanza kazi hii kabla mimi sijajua kusoma. Mimi nina kipima unyevu na taarifa ya hali ya hewa kwenye simu. Yeye anachota vumbi, analiachia lidondoke taratibu katikati ya vidole, anaangalia linakoelekea.

"Shikamoo mzee. Unaonaje?"

"Marahaba binti yangu. Upepo wa leo una adabu mpaka saa kumi na moja. Baada ya hapo siusemei."

Kwenye daftari nikaandika: kusini mashariki, mwepesi. Ile "baada ya hapo siusemei" sikuiandika.

Saa 2:30 asubuhi

Kabla ya moto kuna kuhesabu. Tuna ploti za kudumu, viwanja vidogo vyenye alama tunavyovirudia kila baada ya miaka michache. Kila mti unapimwa kipenyo usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, na unaandikwa jina lake, afya yake, na kama ni mfu, umekufa ukiwa umesimama au umelala. Bila namba hizo tunapiga porojo tu.

Nina mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Wenzake wanamwita Injinia kwa sababu anapenda kila kitu kinyooke. Tukiwa ploti ya tatu akaniambia, "Dada, hapa hakuna mche wa mninga hata mmoja. Si bora tupande?" Kwenye fomu alikuwa ameshaandika sifuri.

Nikampeleka hatua chache pembeni, kwenye korongo ambalo masika yaliyopita yalimega ukingo wake. Pale ukingoni kulikuwa na kijiti chembamba kama penseli, majani manne, ncha imekauka.

"Hiki ni nini?"

"Kichaka tu, dada."

Nikapangusa udongo. Chini ya kile kijiti ulikuwepo mzizi mnene kuliko kifundo cha mkono wangu, umeshuka mpaka hatukuona unakoishia.

Hayo ndiyo maisha ya mninga utotoni. Kila kiangazi chipukizi linakauka au linaungua, kila masika linachomoza jipya, na muda wote huo mzizi unaweka akiba. Unaweza kukaa hivyo miaka 10 na zaidi, unakufa juu huku unanenepa chini. Halafu mwaka mmoja akiba inatosha, chipukizi linapaa kwa haraka mpaka likapita kimo cha miali. Mtu anayeuona kwa mara ya kwanza anaapa kwamba umeota juzi. Tukarudia ploti nzima kwa magoti. Tulipata 11, na Injinia akafuta sifuri yake kimya kimya.

Saa 4:30 asubuhi

Eneo linalofuata linavunwa mwakani, kwa hiyo tunapaka alama: nyekundu inakatwa, bluu inabaki. Hapa ndipo ninapokosana na wanunuzi wa mbao kila mwaka. Wao wanataka minene, iliyonyooka, yote. Ukiwapa, msitu hautaisha kesho, ila itakayobaki ni iliyopinda na yenye maradhi, na hiyo ndiyo itakayozaa msitu wa wajukuu. Kwa hiyo baadhi ya miti mizuri kuliko yote naipaka bluu, inabaki ya mbegu. Mnunuzi mmoja aliwahi kuniambia nina roho mbaya.

Halafu kuna hesabu ya mwanga, na hiyo haionekani kwenye gogo. Ukikata miti mingi mahali pamoja, jua linafika chini na nyasi zinashamiri. Nyasi nyingi maana yake moto mkali, moto mkali unaua machipukizi na kuunguza miti iliyobaki, mwanga unazidi tena, nyasi nazo zinazidi. Mahali pakishaingia kwenye mzunguko huo, kupatoa ni kazi ya miaka. Ndiyo maana natoa mti mmoja hapa, mwingine kule, na nasisitiza kisiki kiwe kifupi, kikatwe mshazari maji yasituame. Miombo hutegemea zaidi machipukizi ya visiki na mizizi kuliko mbegu, kwa hiyo kisiki kikioza tumepoteza mti wa kesho.

Tukafika kwenye mkongo mmoja mzee wenye tundu, kama mita 6 juu. Injinia tayari ana brashi nyekundu. Umeoza katikati, hauna mbao, wa nini? Nikampa darubini. Kwenye ukingo wa lile tundu kulikuwa na tope kavu lililomeguka, limebaki kama meno. Hondohondo jike akitaka kutaga huingia ndani na mlango huzibwa kwa tope hadi ubaki ufa mwembamba. Dume hulisha kupitia ufa huo, wiki kwa wiki. Na tundu lenyewe hawezi kulichonga. Anahitaji mti uliozeeka ukaoza wenyewe, au uliotobolewa na kigong'ota. Mti wa namna hiyo haupandwi ukapatikana. Unasubiriwa miaka na miaka, na msumeno unaumaliza kwa dakika chache.

Bluu. Mti mfu ulio jirani yake, bluu. Mti mfu mwingine karibu na njia ya kuzuia moto ya magharibi, mrefu, shina lake wazi chini kama mlango, nao bluu. Huo tutaurudia.

Saa 6:30 mchana

Kivulini Injinia akaleta hoja yake: tungepanda misonobari mitupu kwa mistari, tungejua kila mti ulipo. Kweli. Na upepo nao ungejua.

Nikamsimulia ya Uswidi. Januari 2005 dhoruba waliyoiita Gudrun ilipita kusini mwa nchi hiyo ikaangusha takriban mita za ujazo milioni 75 za miti, sehemu kubwa ikiwa ya sprusi. Mti huo wa sindano ndio uliokuwa umependelewa kupandwa huko, na mizizi yake haizami sana. Baadaye mbawakawa wa magome wakaja kuzaliana kwenye miti iliyolala, kisha wakahamia kwenye iliyokuwa bado imesimama. Pigo moja likafungulia jingine mlango. Mimi sina ugomvi na mashamba ya miti, maana nguzo na mbao lazima zitoke mahali. Ninachokataa ni shamba kuitwa msitu.

"Haya, na moto? Kwa nini tusiuzuie moja kwa moja?"

Swali zuri, na lina jibu linalokera. Kule Ndola, Zambia, kuanzia miaka ya 1930, wataalamu waligawa miombo vipande. Kimoja kilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, kingine kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, kingine kikalindwa moto usiguse kabisa. Baada ya miongo kadhaa, kile cha moto wa mwishoni kilibaki nyasi na miti ya kuhesabu. Cha moto wa mapema kilibaki na miti yake. Kilicholindwa kilisongamana kikawa kichaka kizito.

"Si umeona, dada! Tulinde."

Ningelinda, kama ningekuwa na kipande kidogo na walinzi pande zote nne. Msitu mkubwa ukiuzuilia moto miaka mingi, nyasi na majani makavu yanajazana. Halafu siku moja ya Oktoba cheche inaingia, wakati miombo imekwisha kutoa majani mapya mekundu bila hata kungoja mvua, uhai wote uko juu. Moto wa siku hiyo ndio unaoua miti mikubwa. Hapa kwetu moto utakuja tu. Nilichobakiwa nacho ni kuchagua mwezi.

Saa 8 mchana

Makaratasi. Kibali kipo, majirani wamearifiwa, ramani imesainiwa. Tusonge.

Saa 10 jioni

Tunaanza magharibi, upepo unakoelekea, kwenye njia tuliyoifyeka na kuifagia mpaka udongo. Moto unawashwa ukingoni uende kinyume cha upepo. Unatambaa, miali haifiki magotini, na unaacha mkanda mweusi ambao hauna tena cha kuungua. Mkanda ukipanuka vya kutosha ndipo tunahamia upande wa pili na kuwasha kwa vituo, moja hapa, moja kule, wanyama wapate pa kupenya. Tukimaliza nataka ramani ifanane na ngozi ya chui, mabaka meusi na mabaka ambayo moto haukuyagusa. Vichuguu vibaki visiwa. Tunachagua jioni kwa sababu usiku hewa inapoa, umande unashuka, na moto uliowashwa vizuri hujizima wenyewe.

Moto mzuri una sauti ya mtu anayekunja karatasi. Ukiusikia unanguruma, kuna mahali umekosea. Ndege aina ya mramba wamekuja bila kualikwa, wamekaa kwenye matawi kando ya moshi wakidaka panzi wanaoruka. Mzee anatembea mbele yangu bila haraka, anawasha, anasimama, anasikiliza.

Saa 11:20 jioni

Upepo ukakosa adabu. Haukuwa mkali, ni pumzi moja tu iliyozidi, ikasukuma moto hadi kwenye ule mti mfu wenye mlango chini. Moto ukaingia mlangoni, ukapanda ndani kwa ndani, na dakika mbili baadaye mti wote ulikuwa bomba la moshi linalotema cheche kileleni. Cheche zikavuka njia yetu kama vile hatukufyeka chochote.

Ng'ambo ya njia ile kuna msitu wa kandokando ya mto. Huo hatuuchomi kamwe. Ni miti yenye gome jembamba, ya kijani mwaka mzima, haijui moto ni nini.

Mzee hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu, mara mbili, pale na pale. Moshi mwembamba sehemu mbili, kwenye nyasi za ukingoni. Watu sita wakavuka, wa kwanza akiwa yule kijana wa koti la pamba. Fagio hazipigwi kama unaua nyoka, kwa sababu ukipiga hivyo unarusha makaa. Unabana, unaburuta, unarudisha kwenye palipokwisha kuungua. Pampu zikafuata. Kiliungua kipande kisichofika robo ya uwanja wa mpira, na miti ya mtoni haikuguswa. Kijana alirudi na tundu la cheche begani, kwenye pamba, limeishia hapo. Hatukusema kitu, si yeye wala mimi.

Msumeno wa mnyororo ukauangusha ule mti upande wetu, kwenye jivu.

Kosa ni langu. Tangu asubuhi nilikuwa nahubiri thamani ya mti mfu, na sifuti neno. Lakini mti mfu wenye shina wazi, hatua 15 kutoka kwenye njia ya kuzuia moto, ama unaangushwa kabla ya kuwasha ama unafagiliwa pande zote mpaka udongo uonekane. Hilo nalijua na nimewahi kulifundisha. Leo nilipita hapo na kopo la rangi ya bluu mkononi, akili yangu bado iko kwa hondohondo. Angalau gogo halikupotea. Likishapoa, mchwa, uyoga na mijusi watagawana vyumba.

Saa 2 usiku

Umande umeanza. Tunatembea kwenye njia nzima tukipapasa visiki kwa mgongo wa mkono, maana macho hayaoni joto. Ukikuta kisiki cha moto unachimbua, unamwaga maji, unachanganya na udongo, unapapasa tena. Kazi hii haina mtu anayeipiga picha.

Injinia amechora ramani kwa haraka kwenye mwanga wa tochi. Mabaka yake yote yana kona za mraba. Nimemwambia kesho tutarudi akayachore yalivyo.

"Binti," mzee akasema nyuma yangu, "ile rangi yako ilikuwa nzuri. Imeungua ikiwa bado mbichi."

Kikosi kizima kikacheka, na mimi nikacheka, kwani nifanye nini.

Wawili watalala hapa kulichunga gogo. Nimefungua daftari ukurasa wa asubuhi, pale nilipoandika kusini mashariki, mwepesi, nikaongeza pembeni kwa herufi ndogo: mzee alisema mpaka saa 11. Gogo bado linatoa moshi.