Mniombee Upweke

Mwezi wa saba Njombe ina baridi ya kukata masikio. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri nyingine unakuta umande umeganda juu ya majani ya viazi. Jua likipanda kidogo yanageuka meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Siku kama hizo jumuiya husalia ndani, mlango umefungwa, jiko la mkaa wa miwati katikati. Ndivyo tulivyoketi Alhamisi ile ya mwaka 2011, nyumbani kwetu Mji Mwema, watu wazima 12 na watoto waliokuwa wakisinzia.

Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Mchana mwalimu wa shule ya msingi. Jioni kikao, kwaya, msiba, mgonjwa. Usharika mzima ulinipongeza kwa kupata mume kama yeye, nami nikaitikia amina. Akirudi saa tatu usiku alisema "Habari za hapa?" kama mgeni, akala, akasoma Biblia, akaomba akiwataja wagonjwa wa mtaa mzima, akalala. Kuna usiku nilihesabu maneno aliyoniambia tangu aingie mpaka taa ikazimwa. Yalikuwa saba, na mawili yalihusu chumvi.

Lakini kilichoniuma zaidi ni ng'ombe. Cheka ukitaka. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na kila alfajiri, nikiwa bado kitandani, nilimsikia mume wangu akimsemesha bandani. "Tulia, mama. Leo umelala vibaya? Nani kakuudhi?" Mimi nilimwonea wivu ng'ombe.

Nilishakwenda Lupembe kumweleza mama yangu. Alikuwa akichuma chai, na hakusimamisha mikono.

"Anakupiga?"

"Hapana, mama."

"Anakunywa?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Sidhani."

"Sasa unalia nini, mwanangu?"

Nikakosa jibu, nikachukua kikapu nikamsaidia kuchuma. Angekuwa mlevi wa ulanzi ningekuwa na la kumshitaki. Wazee wangeitwa, angekanywa. Lakini mtu asiyesema utamshitaki kwa kosa gani? Kwenye mafundisho ya ndoa, kabla majina yetu hayajatangazwa zile Jumapili tatu, tulifundishwa pesa, utii, mawifi, hata mambo ya chumbani. Hili halikuguswa. Na kila nilipolidokeza kwa akina mama wenzangu waliniambia nimpelekee Yesu, yeye anatosha. Nilimpelekea. Nilimpelekea karibu mwaka mzima.

Somo la Alhamisi ile lilikuwa Mwanzo, sura ya 2. "Si vema huyo mtu awe peke yake." Nimelisikia tangu utoto, harusi hadi harusi, lakini siku ile lilinigonga mahali pengine. Adamu alikuwa bado hajatenda dhambi. Nyoka hajaongea. Mungu mwenyewe yuko naye pale bustanini, na bado Mungu huyohuyo anasema si vema. Sikusikia mahubiri yaliyofuata. Nilikuwa nikiwaza: kumbe sikosi imani.

Baada ya somo, kiongozi wa jumuiya akazungusha swali la mahitaji ya maombi. Mmoja akasema mguu wa bibi yake. Mwingine, mtoto wa kidato cha nne. Mwingine, miche ya parachichi iliyoungua kwa baridi. Zamu ikanifikia. Kwa kawaida nilisema "afya na amani". Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu ikisema, "Naomba mniombee upweke."

Mkaa ukalia kwenye jiko. Mama mmoja, kwa nia njema kabisa, akauliza, "Kwani baba hayupo?"

Wote wakamtazama. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, Biblia magotini.

"Yupo," nikasema.

Bibi mjane aliyekaa kando yangu ndiye aliyevunja ukimya. Alisema bila kuinua macho: "Mwombeeni. Na mimi upweke nilianza nao mzee wangu akiwa hai." Kiongozi, maskini, alishika alichokijua: akamkemea shetani wa mafarakano kwa dakika nyingi. Nikafumbua macho katikati ya maombi, nikakuta mume wangu naye kayafumbua, ananitazama. Sikumbuki ni lini alikuwa amenitazama hivyo.

Watu walipoondoka alisubiri nimalize kukusanya vikombe.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Ningekuambia tukiwa wawili, ungenisikia?"

Akachukua tochi akatoka. Siku tisa zilizofuata hata lile la chumvi sikulipata, nikaamini nimeiua ndoa yangu kwa mdomo wangu. Ukweli mwingine niuseme: yale hayakuwa maombi. Nilikuwa namsemesha yeye, nimepitia kwa Mungu kwa sababu ndipo mahali pekee alipokuwa na masikio.

Siku ya kumi, alfajiri, akaniita kutoka bandani. "Njoo unishikie tochi."

Miaka yote alikuwa akiitundika tochi kwenye msumari. Nikajifunga khanga mbili, nikaenda. Akakamua kitambo, kisha akaanza kusema, uso wake ukielekea ubavuni mwa ng'ombe. Alimdhamini ndugu mmoja wa kanisani mkopo wa saccos. Yule ndugu akahama mji. Makato yalikuwa yakipita kwenye mshahara wake mwezi wa nane sasa, na aliona aibu kuniambia, halafu akaona aibu kwamba hajaniambia, ikawa rahisi kutosema lolote. Kumbe. Mimi nilidhani pesa inaishia kwenye michango.

Sikusema ningemwelewa, maana sina hakika ningemwelewa. Wala kimya hakikuisha siku ile. Kilirudi mara nyingi, na mara nyingine mimi ndiye niliyekileta. Lakini asubuhi ile ndoo ilishajaa, ng'ombe ameanza kupiga mkia kwa kuchoka, naye bado anaongea, amefika kwa baba yake, mambo ambayo katika miaka sita ya ndoa sikuwahi kuyasikia. Mkono ulikufa ganzi. Nikaihamishia tochi mkono wa pili.

Watoto walikwenda shule bila chai.