Theluji imeisha, mchanga ndo umebaki

Wiki hii nimeanza tena baiskeli baada ya kuipumzisha tangu mwezi wa kumi na moja. Hapa Minneapolis kuna watu wanaendesha mwaka mzima, wanafunga matairi yenye misumari wanapasua theluji kama vile ni Januari ya Dar, mi nawavulia kofia kwakweli lakini simo. Barafu ikianza tu utanikuta kwenye basi.

Nilivyomwambia mama kwenye simu kwamba nimerudi kwenye baiskeli alicheka sana, akasema "Yaani baba, Marekani yote hiyo bado uko na baiskeli?" Sasa kwetu Shinyanga baiskeli hailali, ikitoka kubeba mkaa inabeba abiria, ikitoka hapo inapeleka mtu zahanati, kwa hiyo hiyo habari ya baiskeli kukaa ndani miezi minne halafu mtu "anairudia" kwake ni maajabu tu.

Ila huku kurudi kuna kazi yake. Upepo unakuwa umepungua wenyewe hata kama hakuna pancha, na usidanganyike kwa kubonyeza na kidole, tumia pampu yenye geji, kiwango chenyewe kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Hapo hapo angalia nyufa kwenye raba. Breki unazibana mpaka mwisho, ukiona mkono wa breki unagusa usukani ujue waya umelegea, usitoke nayo hivyo. Cheni yangu ilikuwa nyekundu kwa kutu, ile chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu inakula chuma vibaya mno, nimeisugua na brashi, nikaifuta, nikatia oili tone tone, halafu nikafuta tena ile iliyozidi maana ikibaki inakamata vumbi.

Sasa mchanga. Hiki ndo kitu ambacho wageni wa huku hawaambiwi, kila mtu anakuogopesha barafu. Winta nzima wanamwaga mchanga na chumvi ili magari yasiteleze, theluji ikiisha mchanga unabaki, na matairi ya magari yanausukuma pembeni, na pembeni ndo kwetu sisi! Kabla magari ya kufagia hayajapita unaukuta umejaa kwenye njia ya baiskeli, hasa kwenye kona, ule mkavu mwembamba juu ya lami ngumu. Ukiingia kona umelala na baiskeli halafu ukabana breki ya mbele hapo hapo, gurudumu linakimbia upande wake na wewe upande wako. Dawa yake ni kupunguza mwendo kabla ya kona, ukifika kwenye kona yenyewe mikono iwe milegevu, baiskeli isimame wima, acha izunguke taratibu. Na mashimo pia, maji yanaingia kwenye nyufa za lami, yanaganda, yanatanuka, lami inapasuka, kwa hiyo barabara uliyoizoea mwezi wa kumi usiiamini mwezi wa tatu. Shimo lenye maji usilipite juu, hujui kina chake.

Mi naanzia Midtown Greenway, ile njia iliyopita kwenye reli ya zamani, sehemu kubwa iko chini ya usawa wa barabara kwa hiyo magari unayasikia juu tu. Ila na yenyewe asubuhi ina mambo yake, chini ya madaraja jua halifiki, maji ya jana yaliyochuruzika yanakuwa yameganda na huyaoni.

Halafu kuna hii ya saa. Jumapili ya pili ya Machi Marekani wanasogeza saa mbele, kwa hiyo saa moja asubuhi ulipokuwa umeshaanza kuona mwanga, ghafla ni giza tena. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, sio hiari. Jioni ndo mbaya zaidi, mwishoni mwa Machi jua linazama magharibi kabisa na mitaa mingi ya huku imenyooka mashariki magharibi, dereva anayekwenda magharibi jua limemwingia machoni, anapapasa tu, na winta yote hajaona baiskeli nyingi. Sheria ya Minnesota, jimbo letu hapa, tangu Agosti 2023 inaturuhusu kwenye kibao cha stop kupita bila kusimama kabisa kama hakuna mtu, lakini mi wiki hizi za mwanzo nasimama, mguu chini, mpaka nione uso wa dereva.

Miguu nayo imesahau, kupanda darajani tu mapaja yanawaka moto, nimeamua safari fupi kwanza, kazini baadaye.

Jirani yangu Mkenya kaniona nikasikia "Kaka, nami nataka, Jumamosi tutoke?" Nikamwambia poa, ila saa nne asubuhi sio kabla, barafu ya usiku iwe imeyeyuka, na aje na glavu na helmeti, taa ya ziada ninayo.